Chumba cha Nyuma cha Kalamu: Sehemu ya Kumi na Moja

Kidole kilishuka.

Wiki nzima mmebishana vibarazani: atabonyeza, hatabonyeza. Amebonyeza. Maji yamemwagika, tusaidiane kuangalia yameelekea wapi.

Mliojiunga leo sogeeni, msisimame mlangoni kama wapima mita. Msusi tulimwacha amepiga magoti nyuma ya pazia la saluni yake, chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na mama yake. Mbele yake kompyuta ya marehemu mdogo wake, imekalia ndoo iliyofudikizwa. Na mlango unagongwa kwa kitu kigumu, ko, ko, ko, vilevile walivyogonga watu wa Sista Mkuu wa wodi ya wazazi mara zote mbili walizokuja kuitafuta.

Mdogo mtu mtaa ulimwita Kalamu, maana haikumtoka sikioni. Karani wa masjala ya hospitali. Miezi mitatu iliyopita alikutwa chini ya ngazi za kazini, wakasema ameteleza. Kabla ya hapo alikuwa ameokota stoo daftari lililosubiri kuchomwa moto: daftari la pili la wodi ya wazazi, la watoto ambao mama zao waliambiwa wamekufa, kumbe wametolewa kwa mlango wa nyuma wakapewa wengine. Akina mama mia mbili na kumi na wawili. Kalamu alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akazifungia ndani ya kompyuta. Daftari lenyewe likachomwa. Nakala ni hiyo moja.

Sasa mashine ilikuwa imemuuliza Msusi kama ana hakika anataka kuzifungia picha hizo milele. Ilimtaka aandike ndiyo yake kwa Kiingereza, YES, tena kwa herufi kubwa, kesho asije akasema mkono uliteleza. Akaandika. Akabonyeza.

Hakukuwa na moshi, hakukuwa na mlio. Mstari mmoja uliruka, kioo kikatulia. Msusi alitarajia kitu kikubwa zaidi, kwa jinsi moyo ulivyokuwa unampiga.

“Jamani, mlango!” Sauti ilitoka upande wa pili wa pazia. Alikuwa Redio, mteja wa saa tano, kichwa kimesukwa twende kilioni upande mmoja, upande wa pili kimetimka. Jina hilo alipewa kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. “Msusi, wewe uko chooni au uko safarini? Nifungue?”

“Usifungue!”

“Nishafungua.”

Msusi alishika kitana cha chuma, kile chenye mkia mrefu. Akachungulia.

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, mwavuli mkononi umeshikwa kichwa chini. Mpini wa mwavuli ulikuwa wa mbao. Ndio uliokuwa unagonga.

“Hodi tena,” alisema yule mwanamke. “Samahani, nimegonga kwa nguvu. Nilidhani hamnisikii kwa mashine za nywele.”

“Mashine gani, mama?” alidakia Redio. “Umeme umekatika tangu saa nne. Hapa tunasukwa kwa imani tu.”

“Natafuta dada yake Kalamu.”

Kitana kilimponyoka Msusi.

“Nimekuja kwanza kukupa pole,” yule mwanamke alisema. “Halafu nina swali. Mimi ni mpishi wa shule, nimeacha kazi mwaka jana. Ndugu yako alinipigia simu. Aliniambia, ‘Mama, njoo mjini, nimekuona kwenye daftari. Kwa simu sisemi.’ Nikafunga mzigo. Nilipofika hospitali wakaniambia yule kijana amezikwa jana yake. Sikuwa na anwani, sikuwa na jina lake la kweli. Miezi mitatu natafuta nyumba ya mtu anayeitwa Kalamu.”

Msusi aliishika fremu ya mlango. Amevunja kufuli kuwazuia wezi, na aliyekuwa anagonga ni mwenye mali.

*

Turudi nyuma hatua moja, Jumapili ya mwisho ya Kalamu. Alikuwa amekaa kwenye kiti hichohicho cha Redio, kompyuta mapajani, anamfundisha dada yake asiyejua hata kuandika barua pepe.

“Dada, usiogope. Hii inaendeshwa na Linux, haina maringo, inafanya unachoiambia. Tatizo lake ndilo hilo: inafanya unachoiambia.”

“Kama mume mzuri.”

“Kama mume mzuri, ila hasahau. Sikiliza. Diski ni nyumba. Hii nimeikata sehemu mbili, mafundi wanaita patisheni. Chumba cha mbele aingie yeyote: muziki, picha za mitindo yako. Chumba cha nyuma nimekisimba. Kila kilichomo kimesagwa kama unga. Mwizi akiing’oa diski, akaipeleka kwa fundi wa dunia nzima, ataona unga.”

“Na mimi nikiweka nenosiri, unga unarudi mahindi.”

“Sasa umekuwa fundi! Ila nenosiri lenyewe si ufunguo. Pale mlangoni kuna kisanduku kidogo. Nenosiri linafungua kisanduku, na ndani ya kisanduku ndimo ulimo ufunguo wa kweli. Wakija, Dada, na huna pa kukimbilia, vunja kisanduku. Amri hii hapa nimekuandikia kwenye karatasi. Kisanduku kikivunjika, hata wewe mwenye nenosiri huingii. Hata mimi nifufuke, siingii.”

Alicheka aliposema nifufuke. Jumanne wakamkuta chini ya ngazi.

*

“Redio, naomba utoke kidogo,” Msusi alisema.

“Nitoke na kichwa nusu?”

“Toka na hiyo nusu. Nusu nyingine nitakufuata nayo.”

“Watu watasema nimefukuzwa katikati ya msuko! Mama, wewe ni shahidi, nimefukuzwa.” Lakini alitoka, kitambaa kichwani, masikio yamebaki ndani.

Msusi alichukua simu yake. Ya maana waliondoka nayo watu wa Sista Mkuu walipokuja mara ya pili. Sasa anatumia kitochi, kile cha kupiga na kupokea tu. Alimpigia Nyaya, fundi wa kompyuta, rafiki wa marehemu tangu shule.

“Nyaya, nimevunja kisanduku.”

“Wamekuja?”

“Nilidhani wamekuja.”

“Ulidhani?”

“Kuna mama mmoja na mwavuli.”

Nyaya alivuta pumzi ambayo Msusi aliisikia mpaka mwisho wake. “Dada, subiri. Mashine umeizima?”

“Hapana.”

“Usiizime! Usiifunike, usiisogeze. Wakati unavunja, chumba cha nyuma kilikuwa wazi au kimefungwa?”

“Wazi. Nilikifungua tangu asubuhi, nilikuwa najaribu kuhesabu kurasa za kumpelekea wakili kesho.”

“Picha bado unaziona?”

Msusi alitambaa mpaka kwenye ndoo. Zilikuwepo. Mafolda ya miaka, yamepangwa kwa mkono wa Kalamu, kila mwaka na miezi yake. “Naziona zote.”

“Basi hujaua, Dada. Umejeruhi.” Sauti yake ilianza kukimbia, alikuwa anakusanya vitu huko aliko. “Ukifungua chumba, mashine inachukua ufunguo na kuushika kichwani, kwenye kumbukumbu yake ya muda. Kisanduku umekivunja, lakini ufunguo bado imeushika. Ikiendelea kuwa macho, tunahamisha kila kitu. Ikizima, hata sekunde moja, inasahau. Na mlangoni hakuna tena pa kuuchukua. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

“Umeme?”

“Hamna.”

“Betri?”

Msusi alitazama kona ya kioo. “Tisa.”

“Asilimia tisa. Haya. Hiyo betri naijua, ni kizee. Ikifika tano haishuki tena, inaanguka. Punguza mwanga mpaka mwisho. Usifungue picha hata moja, ni nzito, zitainyonya. Nakuja na flashi na chanzo cha umeme. Dakika ishirini. Usiiguse, Dada, kaa nayo kama mtu anayelinda mtoto aliyelala.”

Simu ikakatika.

*

Dakika ishirini ni nini? Ni foleni ya maji. Ni kuchana kichwa kimoja cha nywele ngumu. Msusi alipunguza mwanga mpaka kioo kikawa kama dirisha la jioni, akavuta vigoda viwili, akamweleza mgeni yaliyomo na alichosema fundi, wakakaa wote wawili wakiitazama mashine.

Kutoka chumba cha ndani mama yake Msusi aliita. “Nani huyo kaja?”

“Mgeni, Mama. Pumzika.”

Bibi huyo miguu yake ilikataa kazi tangu siku ya mazishi. Madaktari hawakuona kitu.

Mpishi wa shule alieleza mwenyewe bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu aliyeisema hadithi hiyo kwa ukuta miaka mingi.

“Tarehe kumi na saba, mwezi wa nne, Jumatano. Kitanda cha kumi na nne. Mtoto wa kiume. Nilimsikia analia, mara tatu. Wakampeleka kumwosha. Halafu Sista akarudi mikono mitupu, akasema pole. Nikamwambia, Sista, mtoto mfu halii mara tatu. Akasema ni mimi niliyekuwa nalia.”

“Ulimwona?”

“Nilipewa kitu kimefungwa kwenye kitambaa, nikaambiwa nisifungue, ni mwiko kwa mzazi mbichi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikazika kitambaa.” Alivuta soksi yake iliyoteremka. “Nimepikia watoto wa shule miaka ishirini na minane. Kila mwaka nilikuwa najua wangu angekuwa darasa la ngapi. Alipofika la saba niliwapikia vizuri zaidi wa la saba. Ujinga tu.”

“Si ujinga, mama.”

“Ni ujinga. Wali ukiungua, walimu walijua ni tarehe kumi na saba.”

Msusi alicheka, kisha akaona aibu, kisha akaona yule mama naye anacheka. Wakacheka wote, bila sauti, kama wanaogopa kuamsha betri.

Nane.

“Imeshuka,” alisema Msusi.

“Nimeona. Vya karibu sivioni vizuri, lakini hiyo nimeona.”

“Tukitaka tunaweza kuangalia ya kwako tu. Sasa hivi.”

Na hapa, mwenzangu, mimi na wewe tungetegemea yule mama aruke. Miaka ishirini na tisa! Lakini alitikisa kichwa.

“Fundi amesema tusiguse. Na wale wengine mia mbili nao ni mama. Tusubiri, mwanangu. Kusubiri nakujua.”

Wakasubiri. Nje Redio alikuwa anamweleza mtu kwamba ndani kuna mgeni wa siri, tena na mwavuli, na mvua hakuna. Dakika ya kumi ikapita.

Saba.

Mpishi alikuwa ameviweka viganja vyake juu ya magoti. Vilikuwa na makovu ya mafuta ya moto, madogomadogo, mengi, kama mtu aliyenyeshewa mvua ya cheche. Aliitazama ile saba, midomo ikitikisika kidogo. Alikuwa anahesabu. Saba kutoa moja. Sita kutoa moja. Halafu kuanguka.

Angelalamika, Msusi angevumilia. Angepiga kelele, angemjibu. Lakini yule mama alisubiri kwa adabu, kama mtu wa mwisho kwenye foleni anayejua chakula hakitamfikia na hataki kumtia haya mpakuaji. Na aliyepakua ovyo ni nani? Si Msusi? Si yeye aliyebonyeza?

“Nyaya asipofika,” Msusi alisema, “utaondoka mikono mitupu kwa sababu yangu.”

“Atafika.”

“Na asipofika?”

Yule mama alivuta tena soksi yake.

Msusi alifungua folda.

Msinilaumu mimi, mimi nasimulia tu. Na yeye msimlaumu haraka. Aliyewahi kufiwa anajua kwamba mkono wa mfiwa unataka kutoa kitu, chochote, kwa yeyote, alimradi kitoke.

Mwaka, ule. Mwezi wa nne. Kulikuwa na picha tatu.

Ya kwanza ilifunguka polepole, mstari kwa mstari, kama pazia zito linalovutwa na mtu mchovu. Tarehe mbili, tarehe tano, tarehe tisa. Siyo.

Sita.

“Mwanangu, acha,” alisema Mpishi. Lakini alikuwa ameshasimama.

Ya pili. Tarehe kumi, kumi na moja, kumi na moja tena, wawili siku moja. Mwandiko wa Sista Mkuu ulikuwa safi, umelala upande mmoja, mwandiko wa mtu asiye na wasiwasi. Ukurasa uliishia kumi na sita.

Kona ya kioo ikaandika tano, kwa rangi nyekundu.

Ya tatu. Mstari wa kwanza ukatokea, wa pili. Msusi alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, maana mwanga ulikuwa umekwisha. Na hapo akaisoma. Aliisoma mara moja tu, na mara hiyo moja itamtosha mpaka anaingia kaburini.

Tarehe 17. Kitanda 14. Mtoto wa kiume, kilo tatu na robo. Mama kaambiwa amekufa. Kapewa mke wa mwashi, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali. Wana binti mmoja, miaka saba.

Kioo kikawa cheusi.

*

Marehemu baba yake Msusi alikuwa mwashi. Nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha matofali ndimo alimozaliwa Msusi, na ukuta wake aliuegemea akijifunza kutembea. Na mwezi ule wa nne alikuwa na miaka saba. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni lililobana kwapani, mama yake alipoteremka kwenye gari na furushi jeupe kifuani. “Njoo uone,” mama alimwambia. “Umepata mdogo.”

Huyo ndiye Kalamu.

Msusi alimbeba mgongoni mpaka kiuno kikazoea. Alimpiga ngumi mvulana wa kwanza aliyemwita kichwa kikubwa. Miezi mitatu iliyopita alimnyoosha kola ya shati la mwisho, yeye mwenyewe, alikataa wengine wasimguse.

Na Kalamu alikuwa anajua. Hilo lilimfikia Msusi la mwisho, na ndilo lililomkalisha sakafuni. Picha ile aliipiga yeye. Aliusoma mstari ule kwa macho yake, akaufungia chumba cha nyuma, akampigia simu mwanamke wa kitanda cha kumi na nne akamwita mama. Halafu Jumapili ile akaja kukaa saluni, akamfundisha dada yake kufuli, na kila sentensi alitia neno Dada. Dada, usiogope. Dada, sikiliza. Kama mtu anayegongelea msumari usichomoke.

“Imezima,” alisema Mpishi kutoka mbali sana.

Mlango ulisukumwa kwa bega. Nyaya aliingia anahema, shati limelowa mgongoni, flashi ameing’ata kwa meno, mikononi amekumbatia kisanduku cha umeme kizito kama jiwe la kusagia. Redio alikuwa nyuma yake amemshikia waya.

“Dakika kumi na saba!” Nyaya alisema, akatema flashi kiganjani. “Nimepita barabara za watu, nimepita hata kwenye harusi ya...” Aliona kioo. Alikishusha kisanduku chini taratibu. “Ilikuwa asilimia ngapi mara ya mwisho?”

“Saba. Kabla sijafungua.”

“Ulifungua.”

“Picha tatu.”

Nyaya alibonyeza kitufe cha kuwashia, ingawa yeye ndiye aliyejua kuliko wote. Akachomeka umeme wake. Mashine iliamka bila kinyongo, ikaleta chumba cha mbele: muziki, mitindo ya nywele. Kwenye chumba cha nyuma iliuliza nenosiri. Msusi aliandika. Ikakataa. Akaandika tena, polepole, herufi kwa herufi, neno ambalo Kalamu alimchagulia. Ikakataa kwa upole uleule.

“Usijisumbue, Dada,” Nyaya alisema. “Neno lako ni sahihi. Hakuna tena kinacholisikiliza.” Alivua kofia, akafuta jasho nayo. “Ningeikuta na sita. Sita ingetosha. Mia mbili na kumi na mmoja waliobaki, Dada.”

Redio, kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, hakusubiri kufukuzwa. Aliweka ule waya juu ya kiti, akatoka mwenyewe, akarudisha mlango.

“Na wa kwangu?” Mpishi aliuliza.

Alikuwa bado amesimama, mwavuli kifuani. “Uso wako nimeuona ulivyobadilika, mwanangu. Ulisoma. Kilichoandikwa sikukiona, macho yangu hayashiki herufi za karibu. Niambie tu. Yuko hai?”

Msusi alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Alitafuta kwenye uso ule kitu cha Kalamu, akaomba asikipate. Paji la uso hapana. Pua hapana. Kisha yule mama akauma mdomo wa chini upande mmoja, akingoja, na Msusi akageuza macho.

Ushahidi umezima. Duniani kote, anayeweza kumwambia mama huyu sasa ni mtu mmoja. Akisema, anampoteza mdogo wake mara ya pili, tena safari hii pamoja na utoto wake wote, na bibi aliyelala chumba cha ndani anakuwa mpokea mtoto wa wizi. Asiposema, huyu atarudi alikotoka akapikie moshi, asijue mtoto wake alikuwa nani.

“Alikufa, mama,” alisema.

Mpishi alitikisa kichwa mara nyingi, polepole. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akaulaza mwavuli miguuni pake.

“Lini?”

Swali dogo kama sindano. Siku ileile, ndivyo Msusi alivyotaka kusema. Maneno mawili tu, na kila mtu angekwenda kwake: Sista Mkuu alisema kweli, kilio ulikiota, nenda kapumzike. Alifungua kinywa. Nyaya alikuwa anamtazama.

Ndipo ukasikika mburuto kwenye ukumbi. Unyayo mmoja, kisha kimya, kisha wa pili. Pazia la ndani likasogea.

Mama yake Msusi alikuwa amesimama kwa miguu yake, ile iliyokataa kazi, mkono mmoja umeshika ukuta, kitenge kimefungwa ovyo. Hakumtazama binti yake. Alimtazama mgeni, na alimtazama kama mtu anayekutana na uso alioukimbia maisha yake yote na sasa amechoka kukimbia.

“Kitanda cha kumi na nne,” alisema. “Ulikuwa umelala, umegeukia ukutani. Nilipita karibu yako nikiwa nimembeba.”